Mto Hausomi Ramani

Kwenye mabango ya Nairobi mvua hainyeshi. Pita Thika Road, Ngong Road ama Kiambu Road, popote palipobandikwa picha ya ghorofa inayokuja, na utaona hali ya hewa ni moja tu: jua la saa kumi na moja jioni, linang'aa bila kuchoma. Nyasi ni kijani. Mama fulani anasukuma mtoto kwenye kigari. Mti ambao hujawahi kuuona popote nchini umesimama kando ya lami isiyo na shimo hata moja. Hakuna mtaro uliofurika, hakuna bodaboda, na hakuna mama mboga, ingawa sote tunajua mama mboga ndiye atakayefika hapo wa kwanza, kabla hata rangi ya ukuta haijakauka.

Wasanifu majengo huziita picha hizi renda. Msanifu anachora jengo kwenye kompyuta, anachagua saa ya siku, anachagua mawingu, kisha anachota watu na miti kwenye maktaba ya programu na kuibandika pale panapopwaya. Ni ufundi, na unawapa riziki vijana wengi wa mjini, kwa hivyo siudharau. Ila kwa sababu renda ndiyo mchoro pekee wa usanifu ambao wengi wetu hukutana nao, tumezoea kuidhania kuwa sura ya kesho. Kesho ikiwa na mafuriko, joto na ukame, renda haina la kusema, ama inasema kwa sauti ileile tamu ya kuuza nyumba.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Michoro ya usanifu imekuwa mojawapo ya njia ambazo ulimwengu unatumia kujieleza mabadiliko ya tabianchi. Ripoti za wanasayansi zinatupa namba, mchoro unatupa mahali. Nyuzi joto mbili ni maneno tu mpaka mtu akuchoree barabara ya mtaa wako ikiwa chini ya maji. Basi michoro hii inastahili kusomwa kwa jicho kali kama lile tunalosomea riwaya ama filamu: nani yumo, nani ametolewa, nani anasimulia, na nani atalipa. Tofauti ni kwamba riwaya mbaya unaifunga na kulala. Mchoro mbaya unaweza kuja kukubomolea keja.

Tukumbuke masika ya 2024. Kati ya Machi na Mei mwaka huo mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Jijini Nairobi, mito ilitoka kwenye njia zake ikaingia vyumbani mwa watu. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, tingatinga zikashuka Mathare na Mukuru, na familia zilizobomolewa zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia kwingine. Mjadala ukawa wa siasa: ni huruma ama ni ukatili, walionywa ama hawakuonywa. Wachache waliuliza swali la mchoro: hizo mita 30 zinaanza kupimwa wapi?

Swali linaonekana la kitoto, lakini sivyo. Sheria na kanuni zetu zimetaja vipimo tofauti vya ardhi ya kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30, inategemea umeshika kitabu kipi na mto wenyewe una upana gani. Na hata mkikubaliana kipimo, bado hamjakubaliana ukingo uko wapi. Mto Mathare wa Februari unaweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe. Mto Mathare wa mwisho wa Aprili 2024 ulikuwa kiumbe kingine kabisa. Mpima ardhi akija Februari atachora mstari mmoja, akija Aprili atachora mwingine, na katikati ya mistari hiyo miwili wanaishi watu, wanalipa kodi ya nyumba, wanapeleka watoto shule.

Wasanifu wawili wameutafakari mstari huu kwa kina kuliko wengi: Anuradha Mathur, aliyefariki 2022, na Dilip da Cunha. Walizoea kufanya kazi pamoja na walifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, lakini kazi yao ninayoitaka hapa inahusu Mumbai. Tarehe 26 Julai 2005 mji huo ulipata milimita 944 za mvua ndani ya siku moja. Kwa kulinganisha, kiasi hicho kinakaribia mvua ambayo Nairobi hupata kwa mwaka mzima. Mumbai ikazama, mamia wakafa, na lawama zikaangukia Mto Mithi na watu maskini waliojenga kingoni. Dawa iliyotolewa tunaijua: panueni mto, jengeni kuta, ondoeni watu.

Mathur na da Cunha walijibu kwa michoro. Mwaka 2009 walifungua maonyesho yaitwayo Soak katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa mjini Mumbai, pamoja na kitabu cha jina hilo. Hoja yao ni rahisi kuisema na ngumu kuimeza: tatizo halikuanza na mvua, lilianza na mstari. Wachora ramani wa kikoloni walichora ufuo wa Mumbai kwa jicho la siku za kiangazi, wakaamua hapa ni bahari na hapa ni nchi kavu, wino ukakauka. Lakini Mumbai ni mahali ambapo maji ya chumvi na maji ya mvua hukutana na kupishana mwaka mzima. Ukishachora mstari mahali kama hapo, maji yakirudi kwao unayaita mafuriko, na mtu aliyekaa hapo unamwita mvamizi.

Kwa hivyo wakaacha kuichora Mumbai kutoka juu, wakaichora kwa mikato. Hebu nieleze, kwa sababu hapa ndipo silaha ya msomaji ilipo. Chukua mkate. Ukiutazama kutoka juu unaona ganda tu: hiyo ni plani, ile ambayo mafundi wetu huiita ramani ya nyumba. Sasa chukua kisu, uukate kutoka juu hadi chini, utazame upande uliokatwa. Huo ndio mkato. Unaonyesha unene wa ukuta, kina cha msingi, udongo ulio chini, na kama una ujasiri, maji.

Plani inaweza kuficha mengi. Kwenye plani ya Nairobi, Muthaiga na Mathare ni vipande viwili vya karatasi vilivyolala sambamba, barabara kuu ikipita katikati, na ukitazama kwa haraka utadhani tofauti yao ni ukubwa wa ploti tu. Kata mkato mmoja kupita mitaa hiyo miwili na stori inabadilika. Mmoja uko juu, mwingine uko bondeni, sehemu yake kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Huwezi kuuchora mkato huo bila kuamua maji yamefika kimo gani, na ukishaamua, utaona nani analala juu ya hicho kimo na nani analala chini yake. Mkato unamlazimisha mchoraji kusema ukweli ambao plani inamruhusu kuunyamazia.

Hata hivyo Soak ina udhaifu wake, na wapenzi wake hawapendi kuusema. Ni kazi ngumu kusoma. Picha zimepangwa tabaka juu ya tabaka, ramani za kale zimechanganywa na picha za kamera, na zinahitaji utulivu wa jumba la sanaa na mtu asiye na haraka ya kurudi kazini. Mtu wa kingo za Mithi hawezi kusimama mbele ya tingatinga akiwa ameshika mchoro kama huo. Tena, ukisema kila mahali ni maji, umempa nani jibu? Usiku wa mafuriko mtu anahitaji kuambiwa wazi: hapa utakufa, pale utapona. Kuna wakati mstari ni uhai. Swali ni nani anauchora, na kwa maji ya mwezi gani.

Wakati Mathur na da Cunha walikuwa wanafuta mstari kati ya maji na nchi kavu, mchoro mwingine maarufu ulichagua kuihama nchi kavu kabisa. Aprili 2019, kwenye kikao kilichoandaliwa na UN-Habitat mjini New York, kampuni ya Oceanix na wasanifu wa BIG, ofisi ya Bjarke Ingels, walizindua michoro ya Oceanix City: mji unaoelea baharini, wa watu 10,000, uliojengwa kwa visiwa vyenye pembe sita kama sega la nyuki. Kila kitongoji kina ukubwa wa hekta 2 na wakazi 300. Chakula kinakuzwa hapohapo, umeme unatoka kwenye jua, majengo ni mafupi ili upepo usiyaangushe. Mwaka 2022 wakatoa michoro ya mradi wa kwanza, wa bandari ya Busan, Korea Kusini.

UN-Habitat, kwa wasiokumbuka, makao yake makuu yako Gigiri. Kwa hivyo hii si stori ya mbali. Shirika linalohusika na makazi ya binadamu duniani liko safari fupi ya matatu kutoka Mathare, na jina lake likawa kwenye mchoro mmoja uliosambaa sana wa makazi ya enzi ya tabianchi. Basi tufanye hesabu ndogo. Watu 300 kwenye hekta 2 ni watu 150 kwa hekta. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ndogo ya Mathare ikiwa na zaidi ya watu 68,000 kwa kilomita moja ya mraba, yaani zaidi ya 680 kwa hekta. Mathare inabeba mara nne na ushei ya Oceanix, tena bila bahari.

Silaumu mchoro wa Oceanix kwa kuwa ndoto. Ndoto ni kazi yake. Ninaulaumu kwa sababu ndoto yenyewe ni ya kivivu. Zitazame picha zile kwa makini: bahari imetulia kama chai kwenye kikombe, watu wanapiga makasia, wanatembea, na hakuna hata mmoja anayeonekana kufanya kazi ya kuufanya mji uelee. Nani anasugua konokono na mwani chini ya visiwa? Nani anachukua taka? Analala wapi? Mchoro unasema unahusu watu watakaofukuzwa na bahari, lakini watu hao hawamo ndani yake. Waliomo ni walewale wa bango la Kiambu Road, wamebadilishiwa tu nyasi wakapewa maji. Hali ya hewa imeharibika dunia nzima, lakini kwenye renda bado ni saa kumi na moja jioni.

Tusikimbilie kusema renda zote ni uongo. Mwaka 2010 jumba la sanaa la MoMA, New York, lilionyesha kazi za timu tano zilizopewa swali moja: bandari ya New York itakuwaje bahari ikipanda? Ofisi ya SCAPE, ya msanifu wa mandhari Kate Orff, ilileta pendekezo lililoitwa Oyster-tecture. Badala ya ukuta wa saruji, walichora miamba hai ya chaza, wale wa baharini wenye magamba, ambao huchuja maji na kuvunja nguvu ya mawimbi. Watu walitabasamu. Oktoba 2012 Kimbunga Sandy kikaipiga New York, na wazo lile likatolewa kabatini. Mwaka 2014 mradi uliotokana nalo ulitengewa dola milioni 60 za serikali kuu ya Marekani, na leo matuta ya mawe yamesimama ndani ya maji mbele ya Staten Island, yakivunja mawimbi na kuwapa samaki mahali pa kuishi.

Kilichofanya mchoro ule ufike mbali si uzuri wake, ingawa ulikuwa mzuri. Ulionyesha jinsi kitu kinavyofanya kazi: kamba hizi, chaza hawa, wimbi likiingia na kimo hiki na kutoka na kimo kile. Mtu angeweza kuubishia. Mhandisi angesema hapa mmekosea, mvuvi angesema pale hapana chaza. Mchoro unaoweza kubishiwa unaweza kurekebishwa, na unaoweza kurekebishwa unaweza kujengwa. Lakini tuseme ukweli wote: nyuma yake kulikuwa na hazina ya nchi tajiri. Chaza peke yao wasingefika popote.

Bila hazina kama hiyo mambo huwaje? Tazama Makoko, mtaa wa Lagos uliojengwa juu ya maji ya lagoni. Watu wa Makoko wanaishi kwenye nyumba za nguzo na kutembea kwa mitumbwi tangu enzi za mababu zao. Julai 2012 serikali ilibomoa sehemu ya mtaa huo, ikawapa wakazi saa 72 tu za kuhama. Muda mfupi baadaye msanifu Kunlé Adeyemi na ofisi yake, NLÉ, walijenga pale shule inayoelea: fremu ya mbao yenye umbo la herufi A, orofa tatu, juu ya mapipa 256 ya plastiki. Ilikamilika 2013. Picha yake ilizunguka dunia, na si ajabu: pembetatu moja ya mbao, maji meusi, watoto wenye sare wakining'inia kwenye ngazi.

Mwishoni mwa Mei 2016 nakala ya shule hiyo ilipata tuzo ya Simba wa Fedha kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice. Siku chache baadaye, tarehe 7 Juni, shule yenyewe ya Makoko iliporomoka baada ya mvua kubwa. Bahati nzuri wanafunzi walikuwa wameshahamishwa na hakuna aliyekufa. Tuzo kule, mbao zinaelea huku.

Wengi walicheka, na kicheko hicho sikipendi. Makoko ilithubutu kile ambacho Oceanix haikuthubutu: ilianza na watu waliopo, mahali walipo, kwa mbao na mikono ya palepale. Mkato wake ulikuwa mkweli. Ulionyesha maji, mapipa, uzito, watoto. Kilichokosekana ni wakati. Mchoro ulionyesha siku ya kwanza, haukuonyesha mwaka wa tatu: nani anakagua viungo, nani anabadilisha pipa lililopasuka, pesa zinatoka mfuko gani. Tabianchi yenyewe ni habari ya wakati, ni mvua ya mwaka huu kuwa tofauti na ya mwaka ule. Mchoro wa tabianchi usio na kalenda ndani yake umekosa nusu ya habari.

Nimetaja Venice, na inafaa tukae hapo kidogo. Ni jambo la kuchekesha kwamba michoro ya miji inayozama huenda kutafuta tuzo kwenye mji unaozama. Novemba 2019 maji ya Venice yalipanda hadi sentimita 187, wageni wakatembea kwenye uwanja mkuu maji yakiwafika mapajani. Na ni hukohuko, mwaka 2021, ambako ofisi ya Nairobi iitwayo Cave_bureau, ya Kabage Karanja na Stella Mutegi, ilitundika mawe meusi ya obsidiani, kioo cha volkano, kwa nyuzi kutoka darini. Kazi hiyo iliitwa Obsidian Rain. Mawe yalipangwa yafuate umbo la dari la pango la Mbai, Kiambu, ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Wageni waliketi chini yake kana kwamba wako pangoni.

Kwa nini pango, kwenye mjadala wa tabianchi? Kwa sababu Cave_bureau wanakataa kuanza kesho na karatasi nyeupe. Hupima mapango kwa mionzi ya leza na kuyachora kwa mikato yenye subira, mwamba kwa mwamba, na wanasema usanifu wetu una umri mrefu kuliko ukoloni na kuliko saruji. Mradi wao mkubwa wanauita jumba la makumbusho la enzi hii ambayo binadamu ndiye anayeigeuza dunia. Si jengo, ni safari kwenye mapango kama ya Suswa na Shimoni, na maswali yanayotoka huko.

Kazi yao inayonigusa zaidi ni ile ya njia za ng'ombe, Cow Corridor. Kila ukame ukikaza tunawaona wafugaji wa Kimaasai wakileta mifugo mjini, ng'ombe wakila nyasi za kando ya barabara, madereva wakipiga honi. Magazeti huita hiyo fujo. Cave_bureau waliichora kama haki ya kupita: njia za mifugo ndani ya Nairobi, malisho, na mahali pa kunywa maji. Jina la mji huu limetoka kwenye Kimaasai, likimaanisha maji baridi. Reli ilipofika 1899 ikapiga kambi kwenye eneo la majimaji walikonywesha mifugo, na baadaye ikaja michoro. Mpango mkuu wa 1948 ulijiita waziwazi mpango wa mji mkuu wa kikoloni, ukagawa viwanda huku na makazi kule kwa mistari safi kabisa. Ng'ombe hawakuwemo. Mto ulikuwemo, lakini kama mstari mwembamba.

Ukiitazama kazi hii kwa jicho hilo, utaona kwamba ng'ombe wa Cave_bureau si urembo. Ni njia ya kuuliza nani alifutwa ili Nairobi ichoreke. Na inatabiri kwa akili zaidi kuliko visiwa vya pembe sita, kwa sababu ukame utakaowaleta wafugaji mjini unakuja tukiuchora ama tusipouchora. Lawama yangu ni moja tu, na si yao peke yao: michoro hii imetazamwa Venice, imetazamwa Denmark kwenye jumba la Louisiana mwaka 2023, na vijana wengi wa Rongai ama Umoja hawajawahi kuiona. Mji unaochorwa hauonyeshwi mchoro wake. Ukuta mmoja wa stendi ya matatu ungetosha kuanza.

Na kuna michoro mingine ya hapahapa ambayo haitafika Venice kamwe, na huenda ndiyo muhimu kuliko yote. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, baada ya wakazi na vyama vyao, hasa Muungano wa Wanavijiji, kupigania kwa miaka mingi. Ni mtaa wa kaya zaidi ya 100,000. Wakazi walijihesabu nyumba kwa nyumba, wakakaa na wapangaji miji na wanafunzi wa vyuo vikuu, wakaanza kujadili karatasi. Moja ya mabishano makubwa lilikuwa upana wa barabara. Kwa kipimo cha kawaida cha mipango, barabara pana inamaanisha maelfu ya nyumba kuondoka. Kwa kipimo kilichojadiliwa, barabara inakuwa nyembamba zaidi, gari la zimamoto na bomba la majitaka vinapata njia, na majirani wengi wanabaki.

Michoro ile haina jua la jioni. Ni mistari, namba na rangi za kupakia, aina ya karatasi ambayo ukiibandika kwenye mitandao hakuna atakayeipenda. Na wacha nisiipambe: Mukuru ilifurika 2024, na tingatinga zilifika huko pia. Mpango haukuuzuia mto wala haukuizuia serikali. Lakini ulifanya kitu ambacho hakuna kazi nyingine niliyoitaja imefanya kwa kiwango hicho. Uliwapa watu walio ndani ya mchoro nguvu ya kuusogeza mstari. Mama anayeuza samaki Mukuru anaweza kuweka kidole kwenye karatasi na kusema, hapa mmekosea, maji hupita huku. Hiyo si hisani. Ni taarifa ambayo setilaiti haina.

Hicho ndicho kipimo ninachoona kinafaa kwa kila mchoro wa kesho yetu. Uzuri ni sawa, ndoto ni sawa. Ila je, mtu aliyechorwa ndani yake anaweza kuubishia akasikizwa? Soak ni kazi ya akili kubwa, lakini inahitaji mkalimani. Oceanix haibishiwi kwa sababu hakuna aliye ndani yake. Oyster-tecture ilibishiwa ikakomaa. Makoko ilijengwa na watu wake, ila ikaachwa bila mwaka wa tatu. Cave_bureau wanabishana na historia yenyewe, na ninasubiri siku watakapobishana nayo kwenye kuta zetu.

Haya yote si ya maktaba tu, kwa sababu karatasi mpya zinakuja. Mwaka 2025 serikali ilizindua mradi wa kuufufua Mto Nairobi, na mradi wa aina hii huja na michoro yake. Ikibandikwa mtaani kwenu, ama ikikujia kwenye simu, usiridhike na picha ya mto msafi na vijana wanaokimbia asubuhi kando yake. Uliza mkato uko wapi. Ukiupata, tafuta mahali palipowekwa alama ya maji ya Aprili 2024 yalifika kimo gani, na nyumba ya nani iko hapo. Kama alama hiyo haipo, chukua kalamu uichore mwenyewe, kisha urudi nayo kwenye kikao cha hadhara.